Ukila Mabuyu Mama Ngina, Uliza Yalikotoka

Kama u mkazi wa Mombasa, au umewahi kuja kututembelea, basi bila shaka wapajua mahali petu pa kupungia upepo, Mama Ngina. Hapo ndipo familia za mjini hukusanyika jioni za Jumapili, chini ya mibuyu mikongwe, zikatazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Tangu mahali hapo palipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, viti ni vingi na njia za kutembea ni safi. Wauza madafu, mihogo ya kukaanga na mabuyu hawakosekani.

Jumapili iliyopita, baada ya alasiri, nilikwenda hapo pamoja na watoto wawili wa dada yangu. Mdogo shida yake ilikuwa mihogo ya pilipili na ndimu. Mkubwa, ambaye yu shule ya upili, alibeba daftari lake la jiografia, kwani siku ya pili yake alitakiwa kupeleka ramani ya Kenya inayoonyesha maeneo yanayokumbwa na ukame. Alikuwa na kalamu tatu za rangi: nyekundu, manjano na kijani.

Kazi hiyo haikumchukua hata robo saa. Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa alizipaka nyekundu. Ukambani akapaka manjano. Sehemu iliyobaki, pamoja na Pwani yote, akaipaka kijani.

"Mjomba, nimemaliza," akaniambia. "Sisi huku tuko salama. Maji tunayo mpaka macho yanachoka." Akaonyesha bahari kwa kidole, nasi sote tukacheka.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mabuyu karibu nasi hakucheka. Alikisogeza kigoda chake, akaliinamia lile daftari na kulitazama kwa makini.

"Mwanangu," akasema, "hebu nionyeshe Ganze iko wapi hapo."

Kijana alitafuta Ganze asiione. Alichokiona ni Kilifi, kaunti nzima, imepakwa kijani kibichi kama jani la mgomba.

"Basi na mimi umenipaka kijani," yule mama akasema. "Ungekuja kwetu mwezi wa Februari, mwanangu, ungetafuta kalamu nyingine."

Mpenzi msomaji, maneno hayo yalinikaa moyoni wiki nzima, na ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya ramani. Simaanishi zile za kuning'inizwa ukutani darasani, bali ramani zinazotumiwa siku hizi kujua ni nani ana kiu, yuko wapi, na atakosa malisho mwezi gani. Twaishi mjini, bomba likikauka siku mbili twapiga kelele. Ni vyema tujue jinsi wenzetu wa nchi kavu wanavyohesabiwa, na jinsi wanavyosahauliwa pia.

NYIKA IKO KARIBU

Sisi watu wa Pwani tuna neno la zamani la nchi hiyo: nyika. Wala haiko mbali. Panda matatu pale mjini ushike barabara ya Nairobi. Ukishapita Mazeras, minazi yaanza kupungua. Ukipita Mariakani, imekwisha, na mahali pake pameshikwa na miiba na vichaka. Ukifika Samburu, Taru na Mackinnon Road, wewe uko nyikani hasa, na bado chakula cha asubuhi hakijakutoka tumboni.

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Serikali huzihesabu kaunti 23 kuwa katika kundi hilo. Watu wengi hudhani zote ziko kaskazini. La hasha! Kwale imo, Kilifi imo, Taita Taveta imo, Tana River imo, hata Lamu imo. Katika kaunti sita za Pwani, ni Mombasa pekee isiyokuwamo. Kwa hivyo mtoto wetu alipopaka Pwani yote kijani, alichora kisiwa cha Mombasa akadhani amechora Pwani.

Isitoshe, sisi wa kisiwani twaila nyika na kuinywa kila siku bila kujua. Yale mabuyu mekundu wanayotafuna watoto hutiwa sukari na rangi mjini, lakini kokwa zake zatoka nchi kavu, kwenye mibuyu ya Kilifi, Kwale, Kitui na Makueni. Mbuzi wa mchuzi wetu naye alikulia huko huko. Na maji je? Sehemu ya maji ya mji huu yatoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama ndani ya mawe ya volkano, ikatembea chini ya ardhi hadi kuibuka Mzima. Kutoka hapo bomba lililokamilika mwaka 1957 huyaleta maji hayo Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 220.

Hebu litazame bomba hilo kwenye ramani. Lakatiza nchi kavu ya Taita Taveta, lapita karibu na vijiji ambavyo watu wake wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maji yanawapita mlangoni yakienda mjini. Ukisoma habari hiyo kwa maneno matupu waweza kuipuuza. Lakini ukiliona bomba kwa mstari wa buluu, na vijiji kwa nukta kando yake, na umbali kutoka kila nukta hadi bomba la kuteka maji, utanyamaza kidogo. Usione vyaelea, vimeundwa.

KAZI YA RAMANI NI NINI?

Kazi ya kwanza ya ramani ni kuviweka pamoja vitu ambavyo kwenye orodha vimetengana.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu mamia katika mtaa wa Soho mjini London. Daktari mmoja, John Snow, aliweka alama kwenye ramani ya mtaa huo kuonyesha kila nyumba iliyofiwa. Alama zilirundikana kuizunguka pampu moja ya maji katika Broad Street. Wakati huo wakubwa wengi waliamini kwamba ugonjwa huo waletwa na hewa chafu. Daktari Snow alikwishaanza kuyashuku maji, na ule mrundiko wa alama ukamsaidia kuwaonyesha wengine.

Nchi kavu nazo zahitaji jicho la namna hiyo. Ukiambiwa, "Kaunti fulani ina visima mia moja," hujaambiwa kitu. Viko wapi? Huenda themanini viko karibu na mji mkuu wa kaunti, na ishirini vimetawanyika katika eneo ambalo mtu hutembea siku nzima asikutane na mwenziwe. Ukiambiwa, "Kuna zahanati," uliza ni mwendo gani kwa mama mjamzito asiye na gari. Mara nyingi shida ya nchi kavu ni umbali: kati ya mtu na maji, kati ya mifugo na malisho, kati ya mgonjwa na dawa, kati ya mfugaji na soko. Na umbali hauonekani kwenye hesabu ya jumla. Huonekana kwenye ramani.

Wataalamu hufanya kazi hii kwa kompyuta, nayo si vigumu kuielewa. Chukua karatasi nyembamba zinazoonyesha upande wa pili. Ya kwanza chora mito na visima. Ya pili chora vijiji. Ya tatu barabara. Ya nne malisho. Ya tano mahali palipowahi kutokea mapigano ya wafugaji. Kisha zipange moja juu ya nyingine, uzitazame kwa pamoja. Utaona kijiji kilicho karibu na kisima, lakini njia ya kwenda kisimani yapita mahali pa mapigano. Hapo ndipo utafahamu kwa nini kisima hicho hakitumiki.

JICHO LA ANGANI

Karatasi moja kati ya hizo huchorwa kutoka angani. Tangu Marekani ilipoirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat mwaka 1972, dunia imekuwa ikipigwa picha mfululizo, na tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bure. Sisi wa Pwani si wageni wa mambo hayo. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ingawa hiyo ilikwenda kuchunguza nyota. Na mwezi Aprili 2023 Kenya ilipeleka angani setilaiti yake ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani, ambayo kazi yake ni kuitazama ardhi.

Je, setilaiti yajuaje kama kuna malisho? Jani lililo hai hula mwanga mwekundu wa jua na kuurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani lililonyauka halifanyi hivyo. Setilaiti hupima tofauti hiyo na kuigeuza kuwa namba. Jambo la busara ni kwamba Wajir hailinganishwi na Kericho. Wajir ya leo hulinganishwa na Wajir ya miaka iliyopita, majira yayo hayo. Hivyo twajua kama ukavu huu ni wa kawaida au umepita kiasi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ambayo wengi huijua kwa herufi zake NDMA, hutumia namba hizo pamoja na habari zinazokusanywa vijijini: bei ya mbuzi, umbali wa kwenda majini, hali ya watoto. Kisha hutangaza kila kaunti iko daraja gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupata nafuu. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, namba za setilaiti zimetumiwa kuamua lini familia zaidi zitumiwe pesa za kujikimu, kabla mifugo haijaanza kufa. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, ilianzisha Marsabit bima ya mifugo inayotegemea jicho hilo la angani. Hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Rangi ya ardhi ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa. Ukame ulipouma mwaka 2011, wafugaji waliokuwa wamejiunga walipata fidia yao.

Naam, haya si mambo madogo. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika. Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 2021. Nchini mwetu pekee mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na watu zaidi ya milioni nne walihitaji msaada wa chakula. Ramani ilionyesha mapema kwamba hali inaharibika. Lakini kuonyeshwa ni jambo moja, na kutenda ni jambo lingine. Dalili ikionekana Agosti na lori la chakula likafika Machi, kosa si la ramani.

RAMANI NAYO HUDANGANYA

Hata hivyo, msomaji wangu, usije ukadhani kila kilichochorwa ni kweli. Hapa hapa Pwani tuna kisa chetu. Katika miaka ya 1850 wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann wa Rabai, walikusanya habari za bara kutoka kwa wasafiri wa misafara. Kila aliyeulizwa, aliyetoka Tanga au Kilwa, alisema kwamba ukienda bara sana utakutana na maji makubwa. Wamisionari hao wakayaunganisha maji yote na kuchora ziwa moja refu, lenye umbo kama la konokono asiye na kombe, likaijaza nusu ya ramani. Mwaka 1856 ramani hiyo ilizua ubishi mkubwa huko London. Richard Burton na John Speke walitumwa kwenda kuona, na ilipofika 1858 ilibainika kwamba hakuna ziwa la namna hiyo. Yako maziwa kadhaa, yaliyotengana: Tanganyika, Nyasa, na lile tunaloliita Viktoria. Wasafiri hawakusema uwongo. Kila mmoja alisema alichokijua. Kosa lilikuwa la aliyeunganisha bila kwenda kuona.

Utasema hayo ni ya kale. Basi sikiliza la juzi. Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba maji mengi ajabu yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, hasa mahali paitwapo Lotikipi. Yalikadiriwa kuwa zaidi ya mita za ujazo bilioni 200. Yaligunduliwa kwa kuunganisha picha za rada kutoka angani na habari nyingine za ardhi. Magazeti yaliandika kwamba kiu ya Turkana imekwisha. Visima vilipochimbwa baadaye ili kupima, maji ya Lotikipi yalionekana yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Rada iliona mahali maji yalipo, ila rada haina ulimi wa kuonja. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wahenga walisema, nami naongeza: wala hujui utamu wake.

Kijani nacho chaweza kukudanganya. Kuna mti wa mathenge, ulioletwa nchini kuzuia jangwa, ukaishia kuvamia malisho ya Baringo, Tana River, Garissa na Turkana. Kutoka angani wapendeza kwa ukijani. Lakini waulize wakazi wa Baringo, walioishtaki serikali kwa sababu yake na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Jicho la angani huona jani, bali halijui kama jani hilo laweza kuliwa.

Na uwongo wa mwisho ndio ule wa mpwa wangu. Alipaka kaunti nzima rangi moja. Kilifi ina minazi na mashamba ya mikorosho karibu na bahari, na ina Ganze na Magarini kwenye ukavu. Kwale ina Msambweni yenye mvua, na ina Kinango. Ukizichanganya ukatafuta wastani, utapata rangi ya katikati isiyomfaa yeyote. Wa pwani hahitaji msaada huo, na wa nyikani hauoni.

WAZEE WA ISIOLO

Basi tufanyeje? Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma latoka Isiolo. Wafugaji wa Kiborana wana utaratibu wao wa tangu zamani wa kugawa malisho, uitwao dedha. Wazee ndio wanaoamua: hapa ni malisho ya wakati wa mvua, hapa ni ya kiangazi, na pale kwingine hapaguswi mpaka ukame mkali utakapotufikia. Mtu anayepita njia huona nyasi ndefu na hamna mifugo, akasema, "Ardhi hii haina mwenyewe." Kumbe hiyo ndiyo akiba yao, sawa na pesa zako zilizo benki.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, wazee hao na watu wao walikaa pamoja na wataalamu wa ramani. Walianza kwa kuchora kwa mkono nchi wanavyoijua wao. Kisha wakaonyeshwa picha za setilaiti za ardhi yao wenyewe, wakaanza kuitambua: huu ndio mto wetu, Ewaso Nyiro, hii ndiyo njia ya mifugo kushukia majini, kisima hiki ni cha kiangazi, pale pana chumvi ya kulamba ng'ombe. Yote yakatiwa kwenye ramani ya kompyuta, kwa majina yao. Mtu ambaye hakuwahi kwenda shule aliisoma picha kutoka angani kwa urahisi kuliko mgeni mwenye shahada, kwa sababu ameitembea nchi hiyo kwa miguu maisha yake yote.

Hilo ndilo fundisho ninalotaka tulishike leo. Ramani ya nchi kavu haitoshi kuonyesha mahali. Yapaswa kuonyesha wakati na mwendo pia. Kisima cha mjini ni kisima Januari hadi Desemba. Kisima cha nyikani kina mwezi wake wa kuzaliwa na mwezi wake wa kufa, na watu na mifugo huhama kukifuata. Anayechora nyika kama inavyoonekana siku moja tu amechora picha ya mtu aliyefumba macho.

TURUDI MAMA NGINA

Nilimwacha mpwa wangu na daftari lake. Baada ya maneno ya yule mama, alifungua ukurasa mpya.

"Mama, niambie basi," akasema. "Nyumba yenu nichore wapi?"

Mama akaweka kokwa ya buyu katikati ya karatasi. Hapo ni nyumbani. Akaweka nyingine: silanga, yaani lile bwawa la kuchimbwa la kukingia maji ya mvua. Nyingine: shule. Nyingine: zahanati. Nyingine: kisima cha pampu, "lakini yale maji yana chumvi, hata chai haikubali." Kijana akawa anachora na kuandika.

"Kutoka nyumbani hadi silangani ni mwendo gani?"

"Mwezi gani?" mama akauliza.

Kijana akanitazama. Hakuwa ametarajia swali hilo.

"Mwezi wa Mei," mama akaendelea, "ni dakika ishirini, waenda na kurudi bado uji uko moto. Mwezi wa Februari silanga ni matope makavu, hata chura hana. Basi hatuendi hapo. Twaenda mbali, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Binti yangu wa kwanza mwezi huo hufika shule saa nne, hata tano. Mwalimu humwandika mtoro."

Kijana akachora ramani mbili, kurasa mbili zinazotazamana. Ya kushoto akaiandika Mei, ya kulia Februari. Katika ile ya kushoto mstari wa maji ulikuwa mfupi kama kidole. Katika ile ya kulia ulivuka ukurasa ukafika ukingoni, na shule ilikuwa upande mwingine kabisa.

"Na hapa Mama Ngina, mama, umekujaje?" nikamwuliza.

"Nilikuwa na mbuzi kumi na tisa," akasema. "Mwaka 2022 wakaisha wote. Ndipo nikaja mjini."

Akasimama kumhudumia mteja. Ilikuwa familia moja iliyotaka mabuyu ya shilingi hamsini.

Mpenzi msomaji, ukame wa Ganze ulikuwa umekaa nasi pale kwenye kiti, umbali wa mkono, nasi tulikuwa tumeupaka kijani. Kijana alichukua kalamu yake nyekundu, akachora mstari kutoka Ganze hadi kisiwani, akaandika: 2022. Nilimwuliza kama mwalimu hatakasirika kwa kuwa hakuletewa alichoagiza. Akasema atapeleka zote mbili, ile ya rangi tatu na hii ya kokwa, kisha mwalimu achague.

KAZI YA WIKI HII

Sasa ni zamu yenu, wazazi na wanafunzi. Wiki hii ketini pamoja jioni moja, mzime televisheni, mchukue karatasi. Chora nyumba yenu katikati. Kisha fuateni vitu vitatu hadi vitokako: maji ya bomba, makaa au unga, na nyama. Mtashangaa ni mistari mingapi itaingia nyikani.

La pili, yupo mtu mnayemjua aliyetoka nchi kavu. Huenda ni mlinzi wa ploti, mama mboga, dada anayewasaidia nyumbani, au mwanafunzi mnayeketi naye dawati moja. Mwulizeni kwa heshima: kwenu maji ni mwendo gani? Na msisahau swali la yule mama: mwezi gani?

La tatu ni la wanafunzi wenye simu au kompyuta. Iko ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuiongezea barabara, shule au silanga la kijijini kwao. Mkienda likizo mashambani, iongezeeni. Ila waulizeni wazee kwanza, kwani kuna visima na malisho ambayo wenyewe hawataki kila mpita njia ayajue, na hiyo ni haki yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nawe ukifika Mama Ngina jioni ya leo, ukanunua mabuyu, mwulize aliyekuuzia anatoka wapi. Kama ni yule mama mwenye kigoda karibu na mbuyu mkubwa, mpe salamu zangu. Mwambie kijana alipata alama saba juu ya kumi kwa ile ramani ya rangi tatu. Ile ya kokwa mwalimu hajairudisha hadi leo. Ameibandika ukutani, ofisini kwake.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.